Jogoo wa Iyula Usimle Wewe

Mwanangu Tusekile,

Umeniuliza mezani kwa nini tunakuaga kwa dagaa na maharage wakati jogoo mzima amefungwa mguu nyuma ya jiko. Baba yako akainamia sahani yake, mimi nikasema jogoo amekonda. Hajakonda. Umemwona mwenyewe, ana mapaja kama ya mchezaji mpira. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana tukianza kuongea utanikatiza, nami nitapandisha sauti, na sitaki kesho upande basi na kelele zangu masikioni.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kutosinzia na simu mkononi sitayagusa. Baba yako ameshayasema, na sasa hivi analifunga begi lako kwa kamba ya turubai utadhani linakwenda Kasumbalesa kule Kongo juu ya lori. Mimi nataka tuongee kazi. Unakwenda Dar es Salaam kuongoza watu wanaotengeneza programu za kompyuta, na kabla hujajua choo cha ofisi kiko wapi umeambiwa uchague watu watatu wa kuajiriwa. Kwenye hao watatu ndipo jogoo anapoingia.

Kaletwa jana na dada yangu, mama yako mkubwa, kutoka Iyula. Wewe ulikuwa saluni. Alikaa, akanywa chai, akalisifia pazia, nikajua kuna jambo. Dada yangu hajawahi kusifia pazia la mtu.

"Jogoo huyu ni wa mtoto," akasema. "Amle kabla hajaondoka, aende na baraka."

"Asante dada."

"Na Eliya naye asikose kiti huko ofisini kwake. Nasikia viko vitatu."

"Dada, viti vile si vyangu."

"Ni vya mwanao. Na mwanao alikaa mgongoni kwa nani?"

Nikamwongezea chai. Ungejibu nini? Nilipokuwa hapa Tunduma nikiwapikia wali madereva waliokwama kwenye foleni ya mpakani, wewe ulikuwa Iyula, kwenye mgongo wa dada, akichuma kahawa. Mgongo huohuo ndio baadaye ukambeba Eliya, mziwanda wake. Kijana kasomea kompyuta, kamaliza, na tangu hapo yupo nyumbani anawatengenezea majirani simu. Nawe unazijua desturi zetu. Ukishamla jogoo aliyeletwa na ombi, umelimeza na ombi. Huwezi kung'ata paja halafu ukasema ngoja nifikirie. Kwa hiyo nimemfunga mguu, nikala dagaa, nikafikiria.

Nitakwambia nilichoamua. Kwanza nikupe vitu nilivyojifunza kwa kuumia, maana ulivisikia vipande vipande ukiwa chuo, na uliporudi kufanya kazi kwangu ulikuta ofisi imeshatulia ukadhani ilizaliwa hivyo.

Unajua nilivyopata wazo. Nilishakuwa wakala wa forodha, nina wateja Lusaka na Lubumbashi, na kila siku simu ni moja, wananiita mama kwa Kibemba: "Ba mayo, lori yangu imefika wapi?" Nikasema, nitatengeneza mfumo, mwenye mzigo aangalie kwenye simu yake mwenyewe aone karatasi zake ziko hatua gani, aniache nile. Mawakala wenzangu walicheka. "Mama Wali anataka kompyuta. Ataipakua kwa upawa?" Wengine walisema hayo wakila wali wangu. Majina yao ninayo, na leo wawili kati yao wanautumia mfumo wangu na wanalalamika bei.

Kijana wa kwanza nilimwajiri kwa mdomo wake. Alizungumza Kiingereza kama redio, na Kiswahili chake nacho kilikuwa kimepigwa pasi. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamuuliza maswali, akajibu yote, na mengine nisiyouliza. Alipokuja kukaa kwenye kazi, miezi ikapita akichagua rangi ya nembo. Nilimchukia sana, lakini hesabu ni hesabu: nilimsaili kwa mazungumzo, nikapata mzungumzaji. Mpishi huwezi kumpima kwa kumsikiliza akisimulia ugali.

Tangu hapo, anayetaka kazi kwangu nampa kazi. Kazi ndogo, ya kweli, iliyotuuma sisi wenyewe, si mafumbo ya mtandaoni. Namlipa siku zake mbili hata kama simchukui, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunipikia bure nikamwita mgombea. Namkalisha karibu na watakaofanya naye kazi, namwambia uliza chochote. Kisha naangalia anauliza nini. Asiyeuliza hata swali moja siku mbili nzima, Tusekile, mwogope. Ama anajua kila kitu, na huyo hayupo, ama ataficha asichokijua mpaka siku mteja atakapokigundua.

Ezekia nilimpata hivyo. Mfumo ulikuwa unahesabu malori mengi kuliko yaliyokuwepo, na hakuna aliyejua kwa nini. Nikampa hiyo. Hakugusa laptopu. Aliniuliza, "Mama, kichwa cha lori na tela vina namba moja?" Nikamwambia kila kimoja kina namba yake. Akashuka ngazi, akaenda kutembea kwenye foleni akisoma namba za mbele na za nyuma, akapiga na soga na madereva, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Lori moja tulikuwa tunaliandika mara mbili. Nilimpa kazi kabla hajanawa uso.

Sasa sikiliza nilivyompoteza, maana kumpata mtu mzuri ni nusu ya safari.

Kazi ilichelewa. Nilikuwa nimewaahidi wateja kwamba mahindi mapya yakianza kuvuka mpaka, mfumo utakuwa tayari. Vijana walikuwa wanne. Mimi nimekulia Iyula, kwetu mfereji ukiziba linapigwa baragumu, kijiji kizima kinatoka na majembe, na jioni maji yanapita. Nikafanya hilohilo. Nikaajiri wanne wengine kwa mkupuo, nikajisifu. Kazi ikachelewa zaidi. Wale wapya hawakujua chochote, na wa kuwafundisha walikuwa ni wale wale wanne waliopaswa kuandika. Kila nikipita namkuta Ezekia amesimama nyuma ya kiti cha mtu anaeleza.

Nilikuja kulielewa kwa kalamu, kama ninavyoelewa kila kitu. Watu wanne wana njia sita za kuzungumza, huyu na yule, yule na huyu. Piga mwenyewe. Watu wanane wana njia ishirini na nane. Nilidhani nimeongeza mikono mara mbili, kumbe nimeongeza maneno zaidi ya mara nne. Mfereji haujali nani kaongea na nani, programu inajali. Kwa hiyo kazi ikikuchelewea huko, na itakuchelewea, punguza kazi kwanza. Nenda kwa mteja ukiwa umenyooka, sema hiki utakipata, kile ngoja. Watu uwaongeze wakati wa utulivu, mmoja mmoja, apate wa kumshika mkono.

Kosa jingine lilikuwa la kahawa, na hilo nalionea aibu kwa sababu nililijua tangu utotoni. Tulipokuwa tukichuma kwenye mashamba ya watu kule Mbozi, tulilipwa kwa debe. Unajua mtu wa kulipwa kwa debe anachuma nini? Nyekundu juu, mbichi chini. Mimi mwenyewe nilikuwa hodari wa kupanga nyekundu juu. Halafu mimi huyohuyo, nimekuwa bosi, nikawatangazia vijana kwamba kila atakayerekebisha hitilafu moja ana nyongeza yake mwisho wa mwezi. Hitilafu zikarekebishwa kwa fujo. Nikabandika namba ukutani, zinapanda, nikaita wageni waje kuziona. Ndani ya mwezi tulikuwa tunaziba tundu moja la kuonekana huku yanafunguka mawili ya kufichwa, na kazi ngumu ya kuchimba mzizi hakuna aliyeigusa, kwa nini aiguse, haijazi debe. Nazipenda namba, unanijua, lakini namba unayoitolea zawadi inaacha kukuambia ukweli. Hesabu unavyotaka, ila usimlipe mtu kwa debe.

Lakini hayo yote yangepona mapema kama mtu mmoja angeniambia. Na hili ndilo nataka ulibebe hata kama mengine yatadondoka njiani.

Nikiingia chumba kile, wote wanasimama. "Shikamoo mama." Marahaba, kaeni, tunaendeleaje? "Vizuri mama, inakaribia." Wiki inayofuata, inakaribia. Wamelelewa vizuri, watoto wa watu, kwao kumwambia mtu mzima kwamba alichopanga hakiwezekani ni utovu wa adabu. Nami nikaichukua heshima yao nikaiweka kwenye hesabu kama kazi iliyofanyika. Asubuhi mahindi yalipoanza kuvuka, mfumo ukawa unazimika na kuwaka, na ukiwaka unadanganya. Simu zikaanza. "Ba mayo, kwenye simu inaonyesha lori yangu imeshavuka, dereva anasema bado yuko Tunduma anakula chipsi." Nilishuka mwenyewe kwenye foleni, kwa miguu, kutafuta malori ya watu moja moja. Wale mawakala walioniita Mama Wali walikuwa kwenye baraza zao, wamekaa.

Nilirudi juu nimevimba. Nikauliza nani alijua. Nikauliza tena. Ezekia akasema, "Sote tulijua, mama."

"Mbona hamkusema?"

"Ulikuwa unauliza tunaendeleaje. Hukuwahi kuuliza tumekwama wapi."

Niliudhika na jibu lile, na bado linaniudhi, kwa sababu ni kweli. Na wewe utakutana nalo kwa sura nyingine. Huko utawakuta wengine wamekuzidi umri, watakuita bosi kwa meno ya mbele, na wadogo watakuita dada na kukuitikia kila kitu. Vyote viwili vinaziba masikio. Usiulize kama imekamilika, sema nionyeshe. Uliza wamekwama wapi, na uulize ukiwa umekaa, siyo umesimama mlangoni na mkoba kwapani. Na siku ya kwanza mtu atakapokuletea habari mbaya mapema, wote watakuwa wanakutazama usoni. Mshukuru mbele yao. Ukimfokea huyo mmoja, hutaletewa nyingine, utaletewa maiti.

Baada ya msiba ule nikataka kumtuza Ezekia kwa kusema ukweli. Nikampa cheo. Mkuu wa vijana, meza kubwa, kiti cha kuzunguka. Ndivyo nilivyojua mimi, mtu akifanya vizuri unampandisha. Sikumuuliza. Akawa anashinda akisuluhisha nani kachelewa, nani anataka ruhusa ya mazishi, na yeye alikuwa mtu wa kukaa na tatizo mpaka litoe jasho. Mwaka haukuisha akaja kuaga.

"Mama, ulinipa kiti ukaninyang'anya kazi."

Siku hiyo nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Akaenda kwa washindani wetu, na unajua wako wapi, ng'ambo ya barabara, dirisha linatazama dirisha. Kila asubuhi ananiamkia kutoka kule, "Shikamoo mama," namwitikia marahaba ya nusu. Kinyongo ninacho, sikufichi. Alipaswa kuniambia mapema, sikupaswa kuyajua siku ya kuagwa. Lakini nawe jifunze kuuliza: unataka kuongoza watu, au unataka kazi ngumu zaidi na mshahara wa kuongoza? Vyote viwili viwe na heshima na malipo. Mtu asilazimike kuacha anachokiweza ili mama yake aambiwe kijijini kwamba mwanao ni bosi.

Sasa turudi kwa jogoo.

Unamkumbuka mpwa wa baba yako niliyemweka pale ofisini, yule wa Ibaba, kule Ileje? Kijana hakuwa mbaya. Ila akikosea na mwenzake akimrekebisha, jioni simu inalia kutoka Ileje, shangazi anauliza tumemfanya nini mtoto. Vijana wengine wakaona, wakaacha kumrekebisha. Kisha wakaacha kurekebishana wao kwa wao. Ndugu ukimwajiri kwa undugu umeajiri na simu za ukoo, na yeye mwenyewe unamdhulumu, kwa sababu hata akifanya vizuri hakuna atakayeamini kwamba anaweza. Mwisho aliomba mwenyewe kuondoka. Leo ana duka la vifaa vya umeme kule Vwawa, anacheka.

Kwa hiyo leo mchana, ulipokwenda kuwaaga rafiki zako, nimemwita Eliya ofisini. Alikuwa amelala hapa mjini kwa mwenzake. Nikampa kazi ileile ya malori na tela, kama ilivyokuwa kabla ya Ezekia. Aliuliza maswali matatu, mawili mazuri. Alikaa nayo hadi jioni. Mwisho akanigeuzia laptopu.

"Mama mdogo, mpaka hapa nimefika. Kuanzia hapa sijui."

"Hujui kabisa au umechoka?"

"Nimechoka pia. Lakini hata nikilala, sijui."

Nilimpa soda tu. Ila nilifurahi, Tusekile. Vijana wangu wanane walihitaji mfumo uzimike ndipo mmoja aseme maneno kama hayo.

Kwa macho yangu hajafika pa kukaa kwenye timu yako. Lakini haya ni macho ya Mama Wali, na timu ni yako, na sitaki uyachukue wala uyaogope. Mpe jaribio lilelile utakalowapa wengine wote, lipimwe na watu wasiojua anaitwa nani. Akishinda, mchukue, na asikuite dada mbele ya watu. Akishindwa, mwambie wewe mwenyewe ameshindwa wapi, kwa maneno yaliyonyooka, hicho ndicho dada yangu hajawahi kupata kutoka kwa waliomkataa mwanawe. Wote walimwambia watampigia. Na akishindwa, nina nafasi ya mtu wa kujifunza pale juu, kwa muda wa majaribio wenye mwisho wake, kama kila mtu. Ile meza kubwa nimeshaikata, zimetoka meza mbili.

Kumwambia dada ni kazi yangu, siyo yako. Atakasirika. Atasema mgongo wake umesahaulika. Haujasahaulika, na ndiyo maana sitaki uutumie kulipia kiti cha ofisi ya watu, kwa mshahara usio wako wala wangu. Mgongo ule tutaulipa kwa vilivyo vyetu. Shamba lake la kahawa linahitaji miche mipya, hilo ni letu.

Kumrudisha jogoo siwezi, ni kumtukana. Kukupa wewe umle ni kukufunga kamba mguuni kabla hujafika Mbeya. Nimepiga hesabu hii kuliko zote, nikapata jibu. Jumapili nitamwalika dada aje, atoke kanisani moja kwa moja. Nitamchinja jogoo, nitampika na nazi na mchele wa Kamsamba kama nilivyowapikia madereva, nitampakulia dada paja la kwanza, mimi la pili. Akishamaliza kutafuna ndipo nitamwambia habari ya jaribio. Mtu aliyekula jogoo wake mwenyewe atamdai nani?

Baba yako anasema kamba imekatika, anatafuta nyingine. Ulipokwenda chuo sikukuandikia kwa sababu nilijua utarudi. Safari hii sijui, na si vibaya. Nenda mwepesi. Wachague hao watatu kwa macho yako, na wakianza kusimama ukiingia, kaa chini haraka.

Kesho asubuhi, tukitoka kwenda stendi, tutapita mbele ya ofisi ya ng'ambo. Ezekia huwahi kufungua. Ukiniona namwitikia marahaba nzima, usicheke.

Mama yako